Jebel Akhdar: Nani Atazitunza Njia za Mlimani?

Magari yote yanayopanda Jebel Akhdar husimamishwa kwanza na polisi katika kizuizi cha Birkat al-Mawz, mji mdogo wa mitende ulio chini ya mlima, mwendo mfupi kutoka Nizwa katika Oman ya bara. Gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne hurudishwa, maana mwinuko ni mkali na wakati wa kushuka breki hushika moto. Aliyeruhusiwa hupanda kwa lami, na kabla saa haijatimia ameshaacha joto la jangwa na kufika uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Januari maji huweza kuganda. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 mgeni wa kawaida hakufika huko kirahisi, kwa sababu eneo lilikuwa chini ya ulinzi wa jeshi. Leo ni miongoni mwa vivutio vikubwa vya utalii nchini humo, na mwaka 2011 sehemu yake ilitangazwa kwa amri ya Sultani kuwa hifadhi ya mandhari ya asili. Sifa hiyo ni ya haki, lakini inaficha jambo kubwa. Karibu kila kinachomvuta mgeni mlimani, kuanzia njia anazokanyaga hadi bustani anazopiga picha, kilijengwa na wakulima kwa mikono yao, na kimesimama mpaka leo kwa sababu yupo mtu anayekikarabati. Hoja yangu ni kwamba hifadhi ikilinda mwamba na mti huku vijiji vikifa, haitachukua vizazi vingi kabla ya kuzikosa hata njia hizo pamoja na historia inayojivunia.

Tuanze na mlima wenyewe. Mawe ya chokaa yanayouunda yalikuwa tope la chini ya bahari, na mpaka sasa mtu akitazama kwa makini kwenye genge ataona mabaki ya viumbe wa majini yaliyogeuka jiwe. Nguvu za ardhi ziliuinua ukavimba kama mgongo mkubwa, kisha mvua na mafuriko yakauchanja makorongo. Kubwa kuliko yote ni la Wadi Nakhr, chini ya Jebel Shams, kilele kirefu kupita vyote Oman chenye takriban mita 3,000. Kutoka ukingo wake hadi chini ni kama kilomita moja. Kimo cha mlima ndicho kinacholeta uhai. Saiq hupata wastani wa karibu milimita 300 za mvua kwa mwaka, kama mara tatu ya zile za Maskati. Kwa mtu wa Bukoba au Kericho hiyo ni mvua ya kulilia, lakini jangwani ni utajiri, kwa sharti kwamba usipotee. Maji huzama kwenye nyufa za chokaa, yakakutana na tabaka lisilopitisha, yakachomoza kama chemchemi kwenye ubavu wa genge. Hapo ndipo watu walipojenga Al Aqr, Al Ayn na Shirayjah, vijiji vilivyoning'inia chini ya ukingo wa uwanda. Chini ya kila kijiji yamepangwa matuta ya mawe, moja chini ya jingine, na ndani yake udongo uliokusanywa na kupandishwa kwa jasho la watu na punda. Humo hustawi makomamanga, mawaridi, aprikoti ziitwazo mishmishi, vitunguu saumu na majani ya mifugo.

Maji hufika kwenye matuta hayo kwa falaji, mfereji mwembamba uliosakafiwa ambao katika sehemu nyingine huchimbwa chini ya ardhi kwa kilomita kadhaa. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza falaji tano za Oman katika orodha ya urithi wa dunia, na mojawapo, Falaji al-Khatmeen, ipo Birkat al-Mawz, hapo hapo gari linaposimamishwa na polisi. Nchini kote falaji zipatazo 3,000 bado zinatiririka. Cha kustaajabisha zaidi ya mfereji ni utaratibu wake. Maji hugawanywa kwa zamu zinazohesabiwa kwa muda, na kipimo cha kawaida ni athar, yaani kama nusu saa. Mchana zamu zilipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa uwanjani, usiku kwa kuchomoza kwa nyota zinazojulikana. Anayefikiwa na zamu huondoa jiwe lililofungwa kitambaa kwenye mdomo wa mfereji wake, akaziba nalo mdomo wa jirani, na dakika zikimwishia hulirudisha. Sehemu ya zamu hizo ni mali ya falaji yenyewe. Huuzwa kwa mnada, na fedha zake humlipa wakili anayeisimamia na mafundi wanaoizibua baada ya mafuriko. Ni bajeti ya matengenezo iliyofungwa ndani ya mfumo, na imefanya kazi kwa karne nyingi bila kungoja ruzuku.

Sasa zitazame njia. Serikali ya Oman imezipa njia za miguu za milimani namba, na kuzichora alama za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu kwenye mawe. W4 hupanda Jebel Shams, W6 hufuata ukingo wa Wadi Nakhr, W9 huunganisha kijiji cha Misfat al-Abriyin na uwanda wa juu. Alama ni mpya, njia ni za kale. Ukiiangalia ngazi ya mawe mahali mlima unapokuwa mkali, utaona imejengwa kwa vidato vipana na vifupi, maana aliyekusudiwa ni punda mwenye mzigo. Na penye genge, upande wa shimo umeinuliwa ukuta mkavu wa mawe yaliyochaguliwa moja moja. Kuta za namna hiyo hazidumu zenyewe. Mbuzi huangusha jiwe la juu, mvua kubwa hulegeza la chini, na asipotokea mtu wa kulirudisha, mafuriko yanayofuata hula njia nzima. Zamani mrekebishaji alikuwa yeyote aliyepita na punda wake, kwa sababu kesho yake angepita tena.

W6 inaishia mahali panapoonyesha hayo waziwazi kuliko kitabu chochote. Baada ya mwendo wa karibu tambarare juu ya genge linalotia kizunguzungu, njia inafika Sab Bani Khamis, kijiji kilichojengwa chini ya mwamba uliojitokeza, hivi kwamba paa la nyumba ni mlima wenyewe. Kuta za mawe na udongo bado zimesimama, na vyumba vidogo vya akiba vinaonekana. Mbele yake yameshuka matuta membamba ambako zamani zilipandwa nafaka na mboga, na juu zaidi lipo dimbwi lililoyanywesha. Wenyeji waliondoka miongo kadhaa iliyopita. Mgeni hupiga picha, hula chakula alichobeba, hurudi. Njia ya kufika hapo ingali nzuri kwa sababu ndiyo maarufu kuliko zote; matuta, ambayo hayana mtalii wa kuyakanyaga, yanamomonyoka mwaka hadi mwaka na udongo wake unaishia korongoni. Hapa hakuna fumbo. Kilicho na mtumiaji kimebaki, kilichokosa mtumiaji kinaondoka.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja anaweza kuuliza mlima huu unamhusu nini. Unamhusu kuliko anavyodhani. Rustaq, makao ya maimamu wa Kiyaarubi, upo upande wa kaskazini wa safu hiyo hiyo, na Nizwa upo kusini. Kutoka huko ndiko Imamu Seif bin Sultan alikopeleka nguvu zilizowatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Imamu huyo huyo anatajwa katika tarikh za Oman kuwa alichimba au kufufua falaji 17 na kupanda mitende kwa maelfu. Mambo hayo mawili yanapaswa kusomwa kwa pamoja. Mali iliyotokana na bahari na biashara ya pwani yetu, ikiwamo biashara ya watumwa ambayo haifai kupitwa kimya, iligeuzwa kuwa mifereji na mashamba katika bara la Oman. John Wilkinson, mtaalamu wa Kiingereza aliyechapisha mwaka 1977 utafiti mkubwa juu ya maji na makazi ya makabila ya eneo hilo, aliuona uhusiano huo kati ya dola yenye mapato na kufufuliwa kwa falaji. Tena masultani wa Pate walijiita Wanabahani, wakijinasibisha na ukoo uliotawala Oman kabla ya Wayaarubi. Na katika karne ya 20 bwana wa Jebel Akhdar, Suleiman bin Himyar, alikuwa Mnabahani pia. Watu wa Nizwa, Al Hamra na Izki walihamia Unguja, Pemba na Tabora kwa vizazi, na baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, hasa tangu 1970 Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje, wengi wa kizazi chao walirudi na Kiswahili chao. Sehemu ya waandishi na walimu waliosaidia kuijenga Oman mpya ilitoka huko. Kwa hiyo kumbukumbu za mlima huu ni sehemu ya kumbukumbu zetu, za fahari na za majuto.

Historia ya karibu zaidi ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini. Mkataba wa Sib wa 1920 uliigawa Oman kwa vitendo: Sultani akashika Maskati na pwani, Imamu akashika bara. Mafuta yalipoanza kutafutwa ndani ya nchi katika miaka ya 1950, mpaka huo ukawa mgogoro. Majeshi ya Sultani Said bin Taimur yaliingia Nizwa mwaka 1955; mwaka 1957 Imamu Ghalib bin Ali al-Hinai, nduguye Talib na Suleiman bin Himyar waliinuka upya, wakashindwa bondeni, wakapanda mlimani. Ndege za Uingereza zilishambulia kwa miezi mingi, na mashambulizi hayo yaligusa vijiji, mashamba na maji. Mji wa Tanuf, mlangoni mwa korongo, uliteketezwa, na magofu yake ya udongo yapo mpaka leo kando ya barabara, ingawa jina lake sasa watu wengi wanalijua kwa maji ya chupa. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Januari 1959 askari wa kikosi maalumu cha Uingereza, SAS, walipanda kwa miguu na kuuteka uwanda. Viongozi wakakimbilia Saudi Arabia. Katika masimulizi ya Waingereza wenyewe yamo mambo mawili madogo yanayofundisha mengi. Punda walioletwa kutoka Somalia kubeba risasi walionekana wadogo mno kwa mlima ule. Na wachunga punda wenyeji walinong'onezwa njia ya uongo, kwa yakini kwamba habari ingefika juu. Jeshi lenye ndege lilijua kwamba siri ya mlima ilikuwa mikononi mwa mtu anayetembea nyuma ya punda.

Wapo watakaosema vita hivyo viachwe vilale. Nchi imeungana, waliopigana wamefariki, na kubandika vibao kwenye njia ni kufungua kidonda. Hofu hiyo naielewa, na Oman ina haki ya kujivunia kwamba baada ya 1970 ilichagua kusameheana. Lakini ukimya nao una gharama. Mgeni anayepita Tanuf bila maelezo hudhani anaona magofu ya kale, kama ya enzi za Waajemi. Anayesimama Saiq haelewi kwa nini sehemu yote ilifungwa kwa miaka mingi. Vitabu vilivyojaa masimulizi ya askari wa Kiingereza vinauzwa kila mahali, hivyo habari haijafichika, ila imebaki upande mmoja wa bunduki. Mambo haya hayakuwa siri hata wakati wake. Mwaka 1965 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio juu ya suala la Oman. Kibao cha mistari kumi kilichoandikwa na Waomani wenyewe kingefanya zaidi ya ukimya katika kuilinda heshima ya waliofia pale, wa pande zote.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la watu. Hakuna aliyewafukuza wakazi wa Sab Bani Khamis. Waliondoka kwa kuwa bondeni kulikuwa na shule, hospitali, umeme na mshahara, na mama mjamzito hakulazimika tena kushushwa gengeni juu ya punda. Atakayewataka warudi huko ili watalii wapate mandhari hai atakuwa hana huruma. Hilo nalikubali lote. Lakini kati ya kuhama kabisa na kurudi kwenye dhiki kuna nafasi pana, na Misfat al-Abriyin imeionyesha. Kijiji hicho cha mawe na udongo, juu ya Al Hamra, nacho kilianza kuachwa nyumba zake za zamani. Baadaye wenyeji wakazikarabati baadhi na kuzifanya nyumba za wageni wao wenyewe, chakula kikapikwa na familia za hapo, na falaji ikaendelea kutiririka kupitia mitende huku mgeni akitembea juu ya ukingo wake. Mwaka 2021 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa lilikihesabu miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Matatizo hayakosi, wageni wakizidi, faragha ya wanawake na watoto hupungua, na vibao vya kuomba mavazi ya heshima vimelazimika kuwekwa. Hata hivyo jambo la msingi lipo: fedha ya mtembeaji hubaki mahali pale pale panapohitaji fundi wa ukuta na mzibuaji wa mfereji.

Wahifadhi wa mimea wana pingamizi jingine. Wanasema mlima umebebeshwa mzigo mno: mbuzi na punda hula miche, kuni zimekatwa, na mierezi ya mlimani, ndugu wa ile ya Mlima Kenya, inakauka katika maeneo ya chini. Kwa mbuzi wana haki kabisa, na wafugaji wenyewe wanalijua. Lakini kukauka kwa mierezi hutokea hasa katika miinuko ya chini, penye joto na ukame zaidi, na hapo mkulima si mshtakiwa mkuu. Ushahidi wa bustani unaelekeza huko huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kassel cha Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Oman, walipima miaka mingi ya baridi Saiq na kuonyesha kwamba baridi inayohitajiwa na miti ya matunda ili kutoa maua imekuwa ikipungua. Walichunguza pia vijiji vya Al Ayn na Shirayjah na kueleza busara iliyokuwemo katika kilimo cha zamani: mwaka wa ukame mkulima aliacha matuta ya nafaka na vitunguu bila kupandwa, akaokoa maji kwa miti. Kadiri miti inavyochukua matuta mengi zaidi kwa kufuata bei nzuri, nafasi hiyo ya kupumua inapungua, na ujenzi juu ya uwanda nao unagusa ardhi inayozilisha chemchemi. Maarifa ya namna hiyo hayahifadhiwi kwa kuzungushia uzio. Yanakaa kwa mtu anayejua mwaka gani tuta lipi liachwe.

Hapo ndipo linakuja suala la hoteli za kifahari zilizojengwa ukingoni mwa korongo. Zinaajiri, zinalipa kodi, na zimeutangaza mlima duniani; kuzilaani moja kwa moja si haki. Lakini bwawa la kuogelea juu ya genge na tuta la waridi chini yake vipo katika mlima mmoja wenye maji ya kuhesabu, na mgeni wa hoteli huja hasa kwa ajili ya waridi. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei wakulima huchuma maua alfajiri kabla jua halijakausha harufu. Katika chumba cheusi kwa moshi, petali hutiwa kwenye chungu kilichojengewa ndani ya tanuru ya udongo. Juu yake huwekwa bakuli la shaba la kupokea matone, na mdomo hufunikwa kwa chombo chenye maji baridi. Mvuke hupanda, hukutana na ubaridi, hudondoka bakulini tone baada ya tone, na mtengenezaji hubadilisha maji ya juu yanapopata joto. Marashi hayo hukaa kwenye mitungi wiki kadhaa yatulie, na yana harufu ya moshi ambayo marashi ya kiwandani hayana. Nyumba za pwani yetu zinazotoa mrashi harusini na kwenye maulidi zinajua thamani ya kitu hicho. Chupa moja inahitaji maua mengi sana, maua yanahitaji tuta, tuta linahitaji ukuta na zamu ya maji. Mmiliki wa hoteli anayeuza hadithi hiyo kwa mgeni anawiwa na anayeibeba.

Mapendekezo yanayofuata kutoka hapa si makubwa wala ghali. Hifadhi itenge sehemu ya mapato ya utalii kwa ajili ya falaji na kuta za njia, na fedha hizo zipitie kwa wakili wa falaji na kamati ya kijiji, ambao wana uzoefu wa mnada wa maji na hesabu zake tangu zamani. Waashi wa mawe makavu waliobaki, wengi wao wazee, walipwe kufundisha vijana kwenye njia zenyewe, kwa kuanzia na zile zisizo na watalii wengi, kwa kuwa ndizo zinazoanguka kwanza. Kila hoteli mpya ieleze hadharani maji yake yanatoka wapi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kitabu kidogo cha njia kiandikwe kwa Kiarabu na Kiingereza, na kwa Kiswahili pia, kwa ajili ya Waomani wanaokizungumza nyumbani na kwa wageni wa Zanzibar na Mombasa wanaokwenda kuwasalimia ndugu zao Nizwa na kurudi bila kupanda mlima. Ndani yake watajwe Wayaarubi na Wanabahani, Tanuf na mwaka 1957, wachunga punda, na jina la kila falaji linalovuka njia, pamoja na jina la kijiji kinachoisafisha.